Vyuo viwili vya serikali vilinipa scholarship, baba mkubwa akavingojesha kama wachumba

Sopa wakuu, ndivyo tunavyosalimiana sisi Wamaasai.

Nimeona uzi wa yule kijana anayeuliza achague chuo gani kati ya viwili vilivyompa scholarship, na nimeona mlivyomjazia ushauri mpaka unamwagika. Tulieni niwaeleze yaliyonipata mimi. Sitaongeza chumvi, maana wahusika wako hai na mmoja wao ni mbishi sana.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 2000. Nyumbani ni upande wa Isinya, kabla ploti hazijameza malisho. Nilimaliza form four Kajiado, nikapita vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kwa vile hakuna aliyetarajia chochote, hilo halikuwa gumu.

Vyuo viwili vya serikali vikaniita, vyote kwa scholarship kamili. Majina nayaacha. Kilichokuwa Nairobi nitakiita Karibu. Kile cha huko magharibi nitakiita Mbali.

Karibu walitoa karo, chumba na vitabu, nisomee biashara. Mbali walitoa hayo yote, wakaweka na chakula na nauli ya kurudi nyumbani kila likizo, nisomee udaktari wa mifugo.

Mimi nilitaka Mbali. Nilikuwa nimeshuhudia mbuzi wetu wakifa huku tukiwapa dawa ya kubahatisha kutoka dukani. Kwangu hapakuwa na la kujadili.

Lakini fomu ya kukubali ilitaka sahihi ya mzazi, na baba yangu hakuwahi kuamua jambo kubwa bila kumuuliza kaka yake wa Kitengela.

Sasa huyu baba mkubwa. Aliuza shamba la kando ya barabara, akanunua kofia pana na simu ya mkononi, na kuanzia hapo akawa mtaalamu wa kila kitu. Ofisi yake ilikuwa meza moja ya butchery, pale wanapouza nyama, simu ikiwa katikati ya meza ili ionekane.

Aliamua kwamba Karibu ndicho bora kwa sababu kinajulikana. Nikamuuliza kinajulikana kwa nini. Akasema kinajulikana tu.

Basi si angeacha baba atie sahihi hiyo ya Karibu? Hapana. Hapo ndipo akaleta mila.

Kwetu posa haijibiwi siku inapoletwa. Watu wakija kuomba binti wanaleta sukari, tumbaku, blanketi. Wazee wanakunywa chai, wanazungumzia mvua, halafu wanasema watafikiria. Ukijibu haraka unaonekana una njaa. Ni mila nzuri, inawapa watu nafasi ya kuchunguzana, na sitakubali mtu aitukane hapa.

Baba mkubwa akaichukua hiyo mila akaivisha vyuo vikuu.

"Hawa wamekuja kutuomba msichana," akamwambia baba. "Tukijibu mbio wataona tuko na njaa. Wacha wangoje, wataongeza kitu."

Wataongeza nini, wakuu? Mkuu wa chuo aje Isinya na gunia la sukari begani?

Nilieleza habari ya deadline mpaka nikachoka. Baba mkubwa akasema tarehe zinawekwa za kutisha watu wasio na ukoo. Baba akatikisa kichwa kukubali. Namheshimu sana baba yangu, lakini siku hiyo nilitamani kulia, na nililia.

Deadline ya Karibu ikapita, chuo kile kile alichokisifu. Tulipomwambia, akatabasamu akasema sasa ndipo wataanza kubembeleza.

Ikabaki Mbali, na siku zake zilikuwa zinaisha.

Wiki hiyo mama alipeleka maziwa Kitengela, akapitia kwa baba mkubwa kusalimia. Akakuta sukari ya kufungua duka na blanketi jipya kitini. Mke wa baba mkubwa akampongeza kwa kupata mkwe.

Mkwe yupi? Mwenye malori ya ng'ombe pale Kajiado mjini. Alikuwa amekuja kuniomba, na baba mkubwa akamkubalia siku hiyo hiyo, chai haijapoa. Hata baba yangu hakuulizwa.

Mama alirudi akanyamaza. Baba mkubwa alipokuja Jumapili, akakaa na kuanza kutusomea somo la subira, mama akamuuliza kwa upole kama ile sukari ya Kajiado bado iko au imeisha.

Kisha akaeleza alichokiona. Baba mkubwa akaanza kusifu malori.

Kwetu msichana haingilii wazee wakiongea. Niliingilia.

"Baba, chuo kinangojeshwa tusionekane tuko na njaa. Huyu wa malori amejibiwa siku moja. Ni nani alikuwa na njaa?"

Baba alichora mstari chini kwa fimbo yake. Halafu akamwangalia kaka yake.

"Msichana posa yake ikijibiwa siku moja hajaolewa. Ameuzwa. Rudisha blanketi ya watu."

Sukari haikurudi, ilikuwa imeshanywewa.

Ndipo baba akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu vyuo viniite, mimi mwenyewe nataka kipi. Nikasema Mbali. Akaweka fomu juu ya goti akatia sahihi, herufi zikapinda kila upande. Kesho yake tulisafiri naye tukaipeleka kwa mkono, na karani akatuambia tungechelewa kidogo tu nafasi ingepewa mwingine.

Leo mimi ni daktari wa mifugo, natibu kuanzia Kitengela hadi Kajiado. Baba mkubwa naye anawaambia watu pale butchery kwamba ndiye aliyenichagulia chuo. Eti alikingojesha mpaka kikanyooka!

Juzi akanipigia simu anahema. Ng'ombe wake wa grade, ile mbegu ya kizungu ya maziwa, amevimba tumbo, ameanguka. "Mtoto wangu, kuja haraka, anakufa."

Nikamwambia, "Baba mkubwa, tusikimbie. Tutaonekana tuko na njaa."

Simu ikawa kimya kabisa. Nilikuwa nimeshapanda pikipiki, kwa sababu ng'ombe hana kosa. Alipona. Lakini ule ukimya niliufurahia na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo kijana, achana na jina la chuo. Angalia utasomea nini na utakula nini, kisha jibu kabla ya tarehe. Na mtu akikuhimiza sana uwe na subira, chunguza kwanza yeye anakimbilia wapi.

Haya, nanyi mliochaguliwa vyuo na ukoo, leteni yenu hapa chini. Jibuni mbio tu, hapa hatuhesabu njaa ya mtu.