Kirungu Nilichokiweka kwa Maringo

Mwaka 1983 betri za redio ziliadimika Kahama kuliko sukari, na mimi Telesphori, fundi redio wa Nyasubi, nikaona hapo hapo ndipo pa kupatia mke.

Nilimtaka Mektilda wa Kagongwa. Baba yake, mzee Bujiku, kila nikigusia habari ya wazee wangu kuja kuposa, alinijibu, "Kijana, kwanza nikujue." Redio yake ya betri nne ilikuwa bubu tangu mavuno. Nikajisemea, sasa atanijua!

Mzee alikuwa na betri ya lori, volti kumi na mbili. Redio inakula sita. Nikanunua kwa Fazal, Shinyanga mjini, kile kidude cha miguu mitatu kinachopunguza umeme na kuushikilia palepale. Nikakifunga kwenye kipande cha mfuniko wa sufuria kisichemke, nikaunga rezista na kapasita, vyote ndani ya kopo la maziwa. Rezista za kawaida zingetosha kukiamuru kitoe sita, basi. Lakini mimi na kichwa changu! Nikaweka ya kuzungusha, na kirungu kikubwa chekundu kwa nje, ili watu waone fundi anavyotoa volti mbili, tano, hata kumi. Nani aliniomba? Hakuna.

Jumapili baada ya misa uani kwa mzee kukajaa. Nikaweka sita, redio ikaimba, wakapiga vigelegele, nami nikavimba kichwa. Taarifa ya habari ilipoanza, shangazi yake Mektilda akalalamika kwamba hasikii. Mzee Bujiku akainuka, akashika kirungu kilichozidi vyote kwa ukubwa, akidhani ndicho cha sauti, akakizungusha mpaka mwisho. Redio ikapiga yowe, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Watu wote wakamtazama yeye. "Nimeiua," akanong'ona. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikaa kimya, nikipiga hesabu kwamba mzee mwenye aibu hawezi kumnyima fundi binti. Kisha nikaona Mektilda ananikazia macho. Nikajionea haya.

"Baba, kosa si lako," nikasema. "Kirungu kile hakikuwa na kazi. Nilikiweka kwa maringo."

Lo! Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Mzee hakucheka.

"Basi redio ni wewe," akasema. "Kila Jumapili utatuletea habari, mpaka hii ipone."

Nikawa redio. Nasikiliza taarifa kwangu Nyasubi, napanda baiskeli mpaka Kagongwa, nasimama uani. Nawaamkia wote mmoja mmoja kwa majina, nauliza habari za ng'ombe, ndipo natangaza bei ya pamba na vita vya mbali. Shangazi akisema "ongeza sauti," naongeza. Mektilda alikuwa akicheka mpaka machozi, nami nikaendelea kujiaibisha kwa moyo mweupe.

Baada ya miezi mitatu nikapata transista ya kuziba pengo la ile iliyoungua. Nikaitengeneza redio, na kopo nikalifunga kwenye volti sita tu, bila kirungu. Mzee akasikiliza taarifa nzima, kisha akaizima.

"Inasema vizuri," akasema. "Lakini haiamkii mtu. Jumapili ijayo njoo wewe. Uje na wazee wako."