Shaba za Warumi, Raskazone

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Stavro alinipa bakuli la maji ya betri, mswaki laini, na sarafu moja nyeusi kama kifuu. Akaniambia, "Bi Mwanaidi, usiisugue. Ibembeleze."

Nilikuwa mjane wa makamo, binti wa sonara wa Makorora, nimezoea dhahabu inayosuguliwa mpaka ing'ae. Shaba ya kale ina tabia nyingine. Ganda la kijani au la kahawia lililoishika ndiyo ngozi yake. Ukilibandua, maandishi yanaondoka nalo. Tulizilowesha sarafu katika maji ya betri, yale safi yasiyo na tindikali, kwa sababu hayana chumvi, kisha nikachokoa udongo taratibu kwa kijiti cha meno. Adui wetu alikuwa upepo wa bahari. Chumvi ikishaingia, sarafu hutoa unga wa kijani, laini kama poda, nao huila mpaka iwe vumbi. Yenye unga tuliitenga peke yake, kama mgonjwa wa ndui.

Bwana Stavro alikuwa Mgiriki wa kisiwani, aliyeletwa Tanga ujanani kutengeneza korona, zile mashine za kuchambulia katani. Mashamba yalipozorota wenzake walirudi kwao. Yeye alibaki, akamzika mkewe hapa, akaendelea kukusanya sarafu za shaba za dola ya kale ya Warumi wa Konstantinopoli, alizoagiza kidogo kidogo maisha yake yote. Sasa alikuwa na presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba giza linakuja, naye alitaka kila sarafu ijulikane na ipate mahali pake kabla halijafika.

Kwa hiyo baada ya kuosha nilipandishwa cheo, nikawa msomaji. Alinifundisha kuanza na upande wa nyuma. Herufi kubwa ya katikati ndiyo thamani, kwa hesabu ya Kigiriki: M ni arobaini, K ni ishirini, I ni kumi. Herufi ndogo za chini ni mji sarafu ilikogongwa chapa: CON ni Konstantinopoli, NIK ni Nikomedia. Ubavuni huwa kuna neno ANNO, yaani mwaka, na upande wa pili miaka ya utawala. Ndipo unaigeuza kumtazama mfalme. Nyingine hazina mfalme kabisa, zina sura ya Nabii Isa, na hizo tulizipanga kwa vitone na nakshi za msalaba na kitabu.

"Warumi hawa nawajua, Mzee," nilimwambia siku moja. "Wamo katika Kurani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wewe ni jamaa yao kuliko mimi!"

Lakini kwenye kazi hakuwa na mchezo. Nikibahatisha, alinikatiza. "Huioni hiyo K, unaitaka tu. Sema unachoona."

Tulipomaliza visanduku vyote, alitoa leso mfukoni. Ndani yake mlikuwa na sarafu ambayo mama yake alimpa bandarini siku alipoondoka kwao. Hakuwahi kumpa mtu aishike. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa akiona vivuli tu.

Niliiweka chini ya kioo cha kukuzia cha marehemu baba yangu, nikaizungusha polepole. Sarafu za kweli ziligongwa kwa nyundo, herufi zake zina makali. Hii herufi zake zilikuwa zimelegea, na usoni ilijaa vitundu kama mkate wa kumimina. Ukingoni ulipita mshono mwembamba, mahali pande mbili za kalibu ya kumiminia shaba zilipokutana. Ilikuwa ya bandia, ya kuuzia wasafiri.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Naona M, Mzee."

"Na chini?"

"CON."

Akatabasamu kama mtoto. Ningeweza kuishia hapo. Yule mzee alikuwa amebakiwa na vitu vichache duniani, na hiki alikipenda kuliko vyote. Lakini angekuwa na macho yake, asingenisamehe uongo huo.

"Na ukingoni naona mshono," nikasema. "Imemiminwa, Mzee. Nisamehe."

Alinyoosha mkono nikampa. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akarudia, kisha akainuka akipapasa ukuta, akaingia chumbani. Siku zilizofuata nilifika, nikamwamkia shikamoo mlangoni, akaitikia marahaba bila kufungua. Nikaona nimempoteza mzee wangu.

Kisha asubuhi moja nikamkuta mezani, amenyoa ndevu.

"Mama yangu hakujua kusoma," alisema. "Alimpa mchuuzi kuku wake, ili nisafiri na kitu cha kwetu. Sarafu ni ya uongo. Kuku alikuwa wa kweli." Akanisogezea kikaratasi. "Andika 'nakala'. Chini yake andika 'zawadi ya mama'. Iweke sanduku la kwanza."

Niliandika huku machozi yananidondoka. Alisikia nikivuta kamasi, akaniagiza nipike kahawa.

Giza lilipomfunga kabisa nikawa mtunzaji. Kila asubuhi nilimwekea sarafu kiganjani, akaisoma kwa kidole, tukabishana ni ya mji gani. Mara nyingi alishinda. Alipofariki tulimzika kando ya mkewe, na binti yake Eleni, aliyezaliwa hapa na sasa ni mwalimu huko kwao, akaja kuchukua visanduku kama baba yake alivyotaka. Nilivifunga mwenyewe. Siku ile ndiyo niliyostaafu.

Wajukuu huniuliza nilifaidi nini kwa vyuma vya Warumi. Nawaambia nilijifunza kukitazama kitu kwa muda mrefu kabla sijakisemea. Wao hurudi kwenye simu zao, nami siwalaumu, maana hata mimi siku hizi simu sikai nayo mbali. Eleni hupiga ya picha. Jana aliniamkia kwa Kiswahili cha Tanga alichozaliwa nacho, akasogeza sarafu mpya mbele ya kamera.

"Mama Mwanaidi, nimeinunua sokoni. Hii ya wapi?"

Nilivaa miwani.

"Sogea dirishani, mwanangu. Mwanga uje ubavuni. Haya, kabla sijasema, wewe unaona nini?"