Aliniambia Nisimsukume

Nimekosa. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu nnajijua. Nikianza kukueleza mie ni nani na watu walivyotupenda, nitaishia kujisafisha, na mie si msafi.

Jina langu sikupi. Ukiwa Mswahili wa hapa Maskati na umri wako umesogea, huenda ulinicheka kwenye harusi ya dada yako. Mie na mwenzangu, tumwite Nassor, tulikuwa wachekeshaji. Si wa maneno, wa makofi na kuanguka. Mie tajiri mkali, yeye mtumishi asiyeweza kubeba sinia bila kulimwaga. Nampiga kofi la uongo, namsukuma, anapinduka juu ya meza, miguu hewani, watu hawajiwezi. Tulianza tungali vijana, wazee wetu wametoka Unguja juzi juzi, hata joto la huku hawajalizowea. Mchana tuko maofisini, jioni harusi, sikukuu, mikusanyiko ya ukoo. Tumezeeka kwenye kazi hiyo.

Sasa skiza ubaya wangu ulipoanzia. Watu walikuwa wakimpenda yeye. Watoto wakimkimbilia yeye, mie wakinikimbia. Bibi mmoja alinikamata mkono dukani Ruwi, akanambia nipunguze kumpiga yule maskini, kisha akaniuliza hajambo lakini? Mie hali yangu hakuiuliza. Nilicheka, ila lilinikaa rohoni. Miaka ikenda, yale makofi ya uongo yakawa yanaingia ukweli kidogo kidogo. Nassor akinitazama tu, tukishabadili nguo.

Idi ya mwaka jana tukaitwa Bawshar, familia moja kubwa imekodi ukumbi. Nyuma ya pazia nikamkuta Nassor amekaa, kajishika paji la uso. Nikamuuliza kulikoni.

"Leo usinisukume," akanambia. "Kichwa kinanizunguka tangu asubuhi. Nitaanguka mwenyewe, taratibu. Na Zuwena usimwambie, atanirejesha nyumbani."

Zuwena ni mkewe. Alikuwa ukumbini, upande wa kina mama. Nikamwahidi sitamsukuma, na mkono nikampa.

Tukatoka. Nassor akaanguka taratibu kama alivyosema, na ukumbi ukanyamaza. Wachache walicheka kwa adabu, vijana wakarudi kwenye simu zao. Safu za mbele nikasikia mtu anamwambia jirani yake kuwa hawa wazee wamekwisha. Likanichoma mpaka kwenye mifupa. Nassor alikuwa ndiyo kwanza anajiinua, kashikilia meza, mgongo kanipa mie.

Nikamsukuma kwa mikono miwili.

Akapinduka kama zamani. Kichwa kikapiga sakafu, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Nikamwangalia usoni, nikajua. Macho yako wazi, hayanioni. Nilijua, wallahi! Na badala ya kuita watu, nilichukua ile ndoo ya maji ya mchezo nikammwagia, kwa sababu kicheko kilikuwa kinapanda bado, na safari hii kilikuwa changu.

Zuwena ndiye aliyefahamu. Alipita katikati ya wanaume bila kumjali mtu, akapiga magoti kwenye yale maji. Hakupiga kelele. Alimfungua kola akawa anamwita kwa jina, polepole, kama anayemwamsha kwa sala ya alfajiri.

Hospitali wakasema mshipa wa kichwani umepasuka. Ulipasuka kabla ya kusukumwa au baada yake? Hakuna aliyeuliza. Watu wote wa ukumbi waliniona nikimsukuma, na wote walihisi ndiyo kazi yetu. Yale ya nyuma ya pazia tulikuwa tukiyajua wawili tu.

Na mwenzangu hakuyakumbuka. Jioni ile yote ilimfutika. Nilipokwenda kumtazama nyumbani, upande mmoja wa mwili umelala, mdomo umekwenda kando. Njia nzima ndani ya gari nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Sijakaa sawa, akanitangulia yeye, ulimi mzito.

"Nimekuharibia mchezo," akasema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Zuwena kasimama mlangoni na trei ya kahawa. Ananitazama, anangoja nimtulize mgonjwa wake.

"Nimekusamehe," nikasema.

Ndivyo nilivyosema! Na kahawa nikanywa. Nassor akafumba macho, uso umemtulia, na mie nikaaga nikatoka kama mtu aliyefanya wema.

Nikawa najiambia nitamweleza akipata nguvu. Nguvu hakuzipata. Alifariki Ramadhani haijaingia. Kwenye azaa, matangani, watu walikuja kunipa mkono mie mwanzo, kabla ya jamaa zake wa damu. Mwanawe mkubwa akaniomba niingie kaburini nisaidie kumpokea baba yake. Nikaingia. Nilimpokea kwa mikono ile ile.

Siku hizi, eda imekwisha, Zuwena hunipikia Ijumaa, akaniletea mwenyewe. Anasema marehemu alikuwa hana rafiki isipokuwa mie. Napokea, nashukuru, nafunga mlango, na chakula nakiacha mezani mpaka kipoe. Watu wanaonitaka nitafute mwenza mwengine turudi jukwaani nawakatalia. Wanadhani ni huzuni, wananiombea dua.

Wewe unayesoma, mtu akikwambia kwa sauti ndogo usimfanyie jambo, usimfanyie, hata kama dunia nzima imekaa inakutazama wewe. Na ukenda kuomba radhi, sema ungali umesimama. Usikae, usipokee kikombe, usimwache aanze yeye. Mie nilimwacha akaanza.

Zuwena yu hai. Mlango wake naujua. Bado sijamwambia. Nimekwambia wewe, kwa sababu wewe hunijui.