Viwavi wa Tuta la Wande

Harufu ya tumbaku iliyolowekwa usiku kucha hunirudisha Ngulyati kila mara. Jirani yangu hapa Bariadi huzinyunyizia kabichi zake maji ya tumbaku ndani ya kitalu cha neti, akidhani kagundua jambo jipya. Viganja vyangu vilinuka tumbaku hiyo nikiwa na miaka tisa.

Tulikuwa tumehamishiwa huko Ngulyati, kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama darasani, na mama yangu, mayu, alikuwa na kichanja cha nyasi nyuma ya jiko. Chini ya kivuli chake kabichi zilistahimili jua la kwetu, na walimu walikuja kununua. Tuta la kulia lilikuwa langu. La kushoto lilikuwa la Wande, binti wa marehemu baba mkubwa, rika langu. Asubuhi tulinyunyiza maji ya tumbaku na majivu, kisha tukageuza jani moja moja na kuponda viwavi kwa vidole. Ute wao wa kijani uliingia kwenye kucha na haukutoka hata kwa mchanga.

Jioni mayu alikagua. Tuta likikutwa na kiwavi, mwenyewe alilala njaa. Mwaka ule mvua iligoma, mtama ulikuwa unaisha ghalani, na mayu hakuficha kwamba wasichana wawili walikuwa wengi mno kwa chungu kimoja. Mjomba wa Wande kule Migato alitaka mtu wa kumchungia ng'ombe. Lakini baba alikuwa ameapa kwamba mtoto wa kaka yake hataondoka kwake wala hataacha shule, labda awe na kosa.

Mimi nilikuwa mvivu, nawaambieni bila kuzunguka. Nilipoona nimebakiza viwavi na mayu anamalizia kupepeta, niliwabandua nikawaweka kwenye tuta la Wande. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya tatu nilikuwa nachagua wanene. Wande alilala njaa, mimi nikala mbele yake, na sitawadanganya, ugali ulikuwa mtamu.

Siku ya tano mayu alimwita baba aje ajionee mwenyewe. Viwavi wanne, wote juu ya jani moja. Wande hakulia. Alilichuma lile jani akampa baba kwa mikono miwili.

"Baba, halina tundu hata moja," alisema.

Nilidhani anajisifu. Baba, aliyelima pamba tangu ujana wake, alilitazama jani kwa muda mrefu. Akalitazama na tuta langu, majani yake yametobolewa kama chekeche. Kisha akamtazama mayu, akamrudishia Wande jani lake na kwenda zizini.

"Funga nguo zako," mayu alimwambia Wande.

Kesho yake alipelekwa Migato kwa miguu, kifurushi kichwani. Shule hakuiona tena. Mimi nilirithi tuta lake, na kwa kuwa kazi sasa ilikuwa mara mbili, nililia kwa kujionea huruma.

Nilikuwa na nyumba yangu na kabichi zangu nilipokuja kuelewa. Kiwavi hula pale pale alipo. Jani alilokaa tangu asubuhi haliwezi kubaki zima, na mkulima yeyote analijua hilo, sembuse mayu. Nikapanda basi kwenda kumwuliza. Alikuwa mzee sasa, ameketi mkekani anamenya karanga.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Ningekuzuiaje, na wewe ndiye uliyenipatia kosa la kumwonyesha baba yako?"

Miaka yote ile niliona aibu kwamba nilimdanganya mama, kumbe nilikuwa namfanyia kazi yake. Nilitamani nimchukie pale pale. Akaniambia nimletee ungo, nami nikainuka nikauleta.