Nilijaza fomu ya mama ya ruzuku ya miti bila kosa hata moja, akanyimwa

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu nimeufuta mara nne kabla ya kuuweka. Yaliyomo ni kweli, na mengine yananiaibisha.

Naishi Durban, Afrika Kusini, chumba cha kupanga mtaa wa Berea. Kazi yangu ni kuingiza data kwenye ghala moja la Clairwood. Mambo ya ramani nimejifundisha mwenyewe online, sina cheti. Ndiyo maana kila kitu nahakiki mara tatu, nisionekane mjinga.

Mama yuko Kenya, analima kando ya mto. Kaunti yake ilitangaza ruzuku ya uhifadhi: mkulima anayeacha ukanda wa mtoni bila kulima, wenye miti ya kienyeji, analipwa kila msimu.

Mama alikuwa na miti minane mikubwa pale. Aliipanda mwenyewe.

Jirani yake, Baba Kevo, alishakata yake yote akachoma makaa. Alikuwa analima sukuma wiki mpaka majini.

Nikajaza fomu kwa niaba ya mama. Nikapima ukanda kwa setilaiti, nikaweka alama kila mti. Halafu, bila kuombwa, nikaambatisha picha za angani za miaka ya nyuma kuthibitisha kwamba miti ni ya zamani.

Nilijiona fundi kweli.

Jibu likaja: ombi limekataliwa.

Nikapiga simu. Ofisa alikuwa mpole kabisa. "Kijana, tunalipia miti mipya. Yenu ilikuwepo tayari."

"Kwa hiyo aliyetunza halipwi?"

"Ameshatunza. Tumlipe afanye nini?"

Baba Kevo alipanda miche arobaini. Analipwa.

Mwenzangu wa chumba, kinyozi Mkongo, alicheka mpaka akakaa chini. "Weye unajaza formulaire kama unaandikia Mungu. Nani alikuomba picha?"

Eish.

Wiki ile mama akapiga. Dawa zake za presha zimepanda bei, na ruzuku alikuwa ameshaipangia. Akauliza, "Nikikata nipande upya, watanilipa?"

Nilikuwa kwenye taxi, tumesimama kwa robot, yaani taa za barabarani, bado nimejaa hasira. Nikasema, "Kata, mama. Si ndivyo wanavyotaka?"

Mimi ninayehakiki nukta na koma, hilo sikulihakiki.

Mama hakujua ni hasira. Aliita mtu wa msumeno, akaangusha mitatu, akapanda miche ya kaunti. Ombi la pili likapita haraka.

Mvua iliponyesha, ukingo ukameguka palepale mitatu ilipokuwa. Miche ikaenda na maji. Alinitumia picha, nami nimezoom mpaka naona mizizi iko wazi.

Wakuu, inauma. Serikali inamlipa mtu aharibu kwanza ndipo arekebishe, na aliyekaa na miti yake miaka yote anaambiwa hana alichofanya. Aliyeandika masharti yale hajawahi kusimama kwenye ukingo wa mto.

Nilichojifunza: fomu ukiijaza vizuri haikufanyi uwe na haki, uliza kwanza inalipia nini. Na usimpe mzazi ushauri ukiwa na hasira, maana yeye anakuamini.

Sasa mama anataka kukata mitano iliyobaki, kwa sababu wanahesabu miche mipya tu. Nimemwomba asikate. Akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu, si wewe ndiye uliniambia?"

Mtu wa msumeno anakuja Jumamosi. Mwenye mama mkulima aniambie hapa chini, ningemjibu nini?