Namba Tasa za Jumapili

Nilipopangiwa kufundisha hesabu kijijini Buswahili nilikuwa mgeni kabisa. Mimi ni mtoto wa wavuvi, kwetu ni rasini. Walimu wenzangu wengi walikuwa na miji yao, nyumba na familia, hapo jirani. Kengele ya mwisho ikilia, waliwahi ng'ombe na mashamba ya mihogo. Hata ofisini, maongezi yakinoga, walihamia lugha ya kwao. Hawakunitenga. Sikuwa tu na la kuchangia.

Aliyenisaidia ni mwenzangu wa chuo, aliyekuwa akifundisha Bunda. Kila Jumapili baada ya ibada alinitumia namba kwenye simu pamoja na kizio chake, yaani ukubwa wa fungu la kuhesabia. Kazi yangu ilikuwa kusema kama ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ya kwanza ilikuwa 21, kizio cha tano. Nilijibu haraka kuwa si tasa, ni tatu mara saba. Akanipigia akicheka.

"Mwalimu, umesoma maandishi, namba hujaisoma."

Kweli. Katika kizio cha tano hayo ni mafungu mawili ya tano, na moja juu: kumi na moja, tasa kabisa.

Jumapili iliyofuata nikamtumia 111, aniambie ni tasa kwenye vizio vipi. Alijibu kwamba cha mbili ni nne na mbili na moja, saba, tasa. Cha tatu ni kumi na tatu, tasa. Cha nne ni ishirini na moja, hapo imevunjika. Cha tano ni thelathini na moja, tasa tena. Akaishia hapo, chakula kilikuwa tayari kwao.

Tuliendelea hivyo muda mrefu. Wiki nzima nilikuwa naongea na wanafunzi mpaka sauti inakauka, lakini maongezi niliyoyasubiri yalikuwa hayo ya tarakimu tatu, nne.

Kisha akahamishiwa Musoma, akawa makamu mkuu wa shule, akaoa, wakapanga nyumba Kigera. Majibu yakaanza kuja Jumatano, mara Ijumaa, halafu hayakuja. Sikuuliza. Mtu mwenye mke na ofisi humuulizi habari za kizio cha tano.

Mwaka jana tulikutana kwenye semina ya walimu mjini. Mchana tukaenda kula mtaa wa Mukendo, ugali na sato. Alinionyesha picha za mtoto wake, akauliza kama nimeshaomba uhamisho. Nilipomaliza kula nikatoa kalamu, nikaandika 111 kwenye karatasi ya kufutia mikono, nikamwambia hatukuwahi kufika kizio cha sita.

Aliitazama kidogo. "Bado unachezaga hizi?"

Hakuniuliza kwa dharau. Aliuliza kwa upole, kama anayemjulia hali mgonjwa.

"Mara moja moja," nilisema.

Akafutia mikono karatasi ile, tukarudi semina.

Jumapili iliyofuata nilikaa mlangoni pangu, nikaikokotoa mwenyewe. Thelathini na sita, na sita, na moja: arobaini na tatu. Nikaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano. Kila mara ikaacha baki. Saba sikuhangaika nayo, maana saba mara saba ni arobaini na tisa, imeshapita. Ilikuwa tasa.

Nikashika simu nikamwandikia jibu. Nililisoma mara mbili, nikalifuta. Jua lilikuwa bado juu. Nikawasha mkaa, nikapima unga wa mtu mmoja.