Kofia ya Mheshimiwa

Watu walimwita Jicho, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyohivyo. Jina lilitokana na kile kilenzi cha mafundi saa alichokibana kwenye jicho la kulia ujana wake wote, akiwa nyuma ya meza yake ya kioo chini ya ngazi za duka la viatu. Ukimpelekea saa iliyokufa alikuwa hakutazami usoni. Anaitazama saa, anaguna, anasema, "Njoo kesho," na kesho ukija unaikuta inatembea. Kisha simu zikaja, kila mtu akawa na saa mfukoni isiyomhitaji fundi. Waliobaki kuja mezani walikuja kubadilisha betri, na kubadilisha betri si ufundi, ni kuchokonoa tu.

Siku moja mwanamke fulani akamletea saa ya marehemu baba yake, iliyokwisha kukataliwa kwingine. Jicho akaifufua mbele yake. Yule mwanamke alisimama muda wote akitazama vidole vinavyookota skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga, na badala ya kushukuru akauliza, "Fundi, unaogopa panya?"

"Naogopa mwenye nyumba," akajibu Jicho. "Panya tumeshazoeana."

Hivyo ndivyo alivyoingia maabara. Mwanamke yule alikuwa daktari wa utafiti, na Jicho hakuwahi kumwita vinginevyo ila Daktari. Alichunguza ugonjwa wa kutetemeka, ule unaomshika mtu mkono, kisha mguu, kisha uso, mpaka anakuwa mgeni ndani ya mwili wake mwenyewe. Panya wake walizaliwa nao, umelala ndani yao kama deni la ukoo. Zamani, ili kuziona seli za ubongo wa panya zikifanya kazi, ilibidi abanwe chini ya hadubini kubwa asifurukute. Lakini panya aliyebanwa ana wazo moja tu, na sote tunalijua ni lipi. Siku hizi hadubini yenyewe imepunguzwa ikawa ndogo kama ncha ya kidole, inavalishwa kichwani juu ya kidirisha kilichotobolewa kwenye fuvu, na panya anakwenda zake huku na huku akiburuta waya mwembamba. Seli zimetiwa kitu kinachozifanya zing'ae kila zinapoamka. Ukikaa mbele ya kioo cha kompyuta unamwona panya anakimbia, na kando yake unaziona fikra zake zikiwaka na kuzima.

Kazi ya Jicho ilikuwa hiyo kofia. Alisafisha lenzi, akaigandisha kwa gundi, akatafuta umbali ambao picha inatulia, akarekebisha waya uliotafunwa. Alitengeneza pia kofia za uongo, vipande vya plastiki visivyo na lenzi wala waya, vyenye uzito uleule wa kofia ya kweli. Panya hatwishwi mzigo wote ghafla. Kwanza anavishwa ya uongo, anapepesuka, anagonga ukuta, anakasirika, mwishowe anasahau kuwa amebeba kitu. Hapo ndipo anavishwa ya kweli.

Panya mmoja alikuwa mzee kuliko wenzake, na alipovaa kofia alitembea polepole kifua mbele, kana kwamba kuna watu wamepanga mstari kumpokea. Jicho akamwita Mheshimiwa. Daktari alimfuatilia tangu utotoni, naye ndiye aliyekuwa tegemeo la utafiti mzima. Mpango wake ulijulikana na kila mtu: siku Mheshimiwa atakapoanza kutetemeka, atapumzishwa siku hiyohiyo na ubongo wake ukatwe vipande, ulinganishwe na picha zote za nyuma. Kupumzishwa ni neno la maabara. Nje ya maabara tunasema kuuawa.

Sasa, kikulacho ki nguoni mwako. Mkono wa kulia wa Jicho ulianza mambo yake akiwa nyumbani anasikiliza redio. Kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, taratibu, kama mtu anayevuta tasbihi isiyoonekana. Akautazama, ukaacha. Akaigeukia redio, ukaanza tena. Ajabu ni kwamba ulitetemeka ukikaa bure tu, ukipewa kazi unatulia. Basi akaamua ni mkono mvivu, akauweka kazini. Mezani hakuiachia bisibisi hata kidogo. Kwenye mazungumzo aliutia mfukoni. Nyumbani aliukalia.

"Baba, mbona unakaa upande kama kuku anayeatamia?" mkewe alimuuliza.

"Mgongo," akasema.

"Haya, mgongo." Akammiminia chai na kumsogezea kikombe.

Jicho akachungulia ndani. "Na wewe siku hizi unanipimia chai kama dawa. Kikombe nusu! Majani yameadimika?"

"Kunywa hiyo kwanza, nitakuongezea. Nani alikwambia inakimbia?"

Alikuwa mwanamke wa maneno, na Jicho alijua kushindana naye ni kutwanga maji kwenye kinu. Akanywa.

Uoga ulimwingia siku Daktari alipomwonyesha picha za panya mwingine, aliyekwisha kupumzishwa. Seli zilikuwa chache, zimetawanyika kama taa za mtaa uliohamwa.

"Akianza kutetemeka, hakuna dawa ya kumpa?" Jicho akauliza. Sauti aliiweka ya mtu anayeuliza habari za panya.

"Dawa zipo. Zinatuliza kwa muda, haziponyi. Kutetemeka kukishaonekana kwa macho, Fundi, ujue seli nyingi zimekufa siku nyingi."

"Na zilizokufa hazirudi?"

"Hazirudi."

"Maskini panya," akasema Jicho. Mkono ulikuwa mfukoni, na ndani ya mfuko kidole kilikuwa kinasugua kidole.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Jicho aliumbuliwa na skrubu. Asubuhi moja alikuwa amemshika Mheshimiwa kwa kitambaa, mkono wa kushoto, na kwa wa kulia anakaza kofia yake. Bisibisi ikateleza. Akaishika upya, ikateleza tena. Mkono ulikuwa umevunja ahadi: sasa ulitetemeka hata ukiwa kazini. Jasho likamtoka, lile jasho baridi la mtu anayesikia mlango ukifunguliwa nyuma yake, na kweli mlango ulifunguka, Daktari akaingia. Jicho akasikia skrubu imeshika kidogo, akamwachia panya. Tangu aanze ufundi hakuwahi kuiacha skrubu bila kuijaribu mara ya pili. Siku ile aliiacha.

Mheshimiwa akaanza matembezi yake. Kwenye kioo seli zikawaka, lakini hazikukaa mahali. Zilikuwa zinarukaruka, nyuma mbele, nyuma mbele, upesiupesi. Daktari akajishika mdomo. Katika panya wake wote, mtetemo ulitangulia kuonekana kwenye picha kabla jicho la mtu halijauona kwenye mwili, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku.

"Ameanza," akasema. "Tayarisheni sindano."

Msaidizi anayelisha panya akaondoka kwenda kuileta. Daktari akavuta kiti karibu na kioo, na ilikuwa dhahiri hakufurahi, ingawa siku hiyo alikuwa ameingoja sana.

Jicho akamtazama Mheshimiwa. Alikuwa amekaa pembeni ameshika mbegu kwa mikono yote miwili, anaila kwa adabu zake, na mikono imetulia tuli. Haikuwa na mtetemo wowote. Kofia ndiyo iliyokuwa ikicheza, kwa kuwa skrubu imelegea, na skrubu imelegea kwa kuwa Jicho anaumwa. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Panya angekufa leo badala ya mwezi ujao, na panya ni panya, nani amewahi kumwekea matanga? Jicho angebaki na meza yake, na kiti chake, na jina lake. Akawaza hivyo, na akautaka sana ukimya huo, msimdhanie malaika. Lakini picha zile zingehifadhiwa na kuaminiwa, na yeye hakuwahi kumrudishia mtu saa inayosema uongo.

"Daktari, ngoja kwanza. Skrubu imelegea."

"Basi ikaze, Fundi."

Akamshika Mheshimiwa, akasogeza bisibisi. Na sasa, mbele ya Daktari na msaidizi aliyesimama mlangoni na sindano yake, mkono ukajimwaga wote. Ncha ya bisibisi iligonga chuma, tik tik tik tik, na chumba kizima kikasikiliza. Daktari hakutazama tena kioo. Mtu aliyetumia maisha yake kuutazama ugonjwa ule hakuhitaji kuelezwa.

"Tangu lini?" akauliza taratibu.

"Huyu hajaanza, Daktari," akasema Jicho. "Aliyeanza ni mimi."

Daktari akaichukua bisibisi mkononi mwake, akakaza mwenyewe, vibaya vibaya, akijiuma mdomo. Picha ikatulia. Seli za Mheshimiwa zikang'aa kila moja mahali pake, safi kabisa, na Jicho aliona kwamba ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuzitazama. Alimwonea wivu panya.

Daktari alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Akaahidi kumpigia simu mwenzake wa hospitali, akaahidi kwamba kazi itapatikana tu, hata ya kufundisha vijana. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Fundi."

"Ni kweli," akasema Jicho. "Lakini koleo ni zima, Daktari. Aliyevunjika ni mhunzi."

Daktari akacheka, kisha uso ukamharibikia, akageuka. Kile kilenzi Jicho alikiacha mezani, kando ya kofia za uongo. Mheshimiwa mwenyewe aliongezewa majuma machache tu, akaanza kweli, na safari hiyo hakuna skrubu iliyomtetea.

Jicho alifika nyumbani jua bado lipo. Mkewe alishtuka kumwona mapema, akaweka maji jikoni. Jicho akaketi, na kwa mara ya kwanza hakuukalia mkono. Akauweka juu ya meza, kitambaa cha meza kikawa kinatikisika nao.

"Mama," akaanza, "kuna jambo nimekuficha."

Mkewe akaja na birika. Aliutazama mkono kama mtu anavyotazama mvua aliyoiona ikikusanyika tangu asubuhi.

"Ulijua?"

"Ulikuwa unamwaga chai kwenye shati, baba. Nani anafua mashati yako?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilingoja useme mwenyewe." Akavuta kikombe karibu naye. "Nikaona nianze kukupunguzia kidogokidogo, ili uzoee."

Jicho akafungua mdomo kumwambia habari za kofia za uongo, jinsi panya anavyopepesuka na kugonga ukuta kabla ya kusahau, akashindwa. Machozi yalimtoka waziwazi, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Mkewe akammiminia chai. Safari hii haikufika nusu.